Glock ya kizazi gani? Spea zinazoingiliana, zisizoingiliana, na zile zitakazokupeleka korokoroni

Ami yangu anaishi Eldoret, mtaa wa West Indies, kwa miaka mingi sasa. Ni mtu wa Mombasa aliyefuata biashara bara, na biashara ikamkubali. Ana duka la vifaa vya ujenzi. Baada ya kuvamiwa na wezi mara mbili aliomba leseni ya bastola, akakaguliwa, akapewa. Bastola yenyewe ni Glock 19, aliyoinunua ikiwa imeshatumika, kwa muuzaji aliyesajiliwa.

Majuzi nilipopita kwake, baada ya shikamoo na kahawa ya tangawizi, akanisogezea simu. Mwanawe aliye Marekani alikuwa amemtumia picha mbili: mtutu mpya na springi, vyote vimeandikwa "Glock 19". Chini yake ujumbe: Baba, huku vitu hivi vinauzwa kama spea za baiskeli, nivitie ndani ya boksi la viatu nikutumie?

Ami akaniuliza, "Mwanangu, wewe husoma soma mambo haya. Vitaingia?"

Nikamwambia, "Ami, visipoingia hivyo utaingia wewe."

Akacheka, lakini swali lake lilikuwa la haki na nimeliona linaulizwa na wengi. Wapo wenzetu wa pwani, huku na bara, wenye leseni halali, na wengi wao hawajui bastola waliyonayo kiunoni ni ya kizazi gani. Mimi si fundi wa silaha. Nimesoma vitabu vya maelezo vya watengenezaji na nimekaa na watu wanaozifungua kwa leseni. Haya ndiyo niliyoyapata.

Namba si umri

Kwanza tuondoe kosa moja. Watu wamezoea simu: namba ikipanda, simu ni mpya zaidi. Kwa Glock sivyo. Namba 17, 19, 26, 43 ni majina ya maumbo. Glock 17 ndiyo ndefu, ya risasi 17. Glock 19 ni fupi kidogo, ya risasi 15, na ndiyo inayopendwa zaidi na wanaobeba chini ya shati kwa kuwa haionekani sana. Glock 26 ni kibeti chenye risasi 10. Glock 43, iliyotoka 2015, ni nyembamba na ni ukoo mbali kabisa: hakuna magazini ya 19 itakayoingia humo wala ya humo itakayoingia kwenye 19.

Umri uko kwenye kizazi. Glock 19 ya 1990 na Glock 19 ya mwaka jana zina jina moja, zinakula risasi moja, na ukiziweka mezani zinafanana kama mtu na babake. Ukizifungua ndani ndipo unapoona kuwa mtoto hakurithi kila kitu.

Mwenye jina hilo alikuwa Gaston Glock, mhandisi wa Austria, aliyefariki Desemba 2023 akiwa na miaka 94. Alikuwa akitengeneza vifaa vya mapazia na visu vya jeshi, hajawahi kubuni bunduki maishani mwake, jeshi la Austria lilipotangaza kuwa linatafuta bastola mpya. Alileta bastola yenye fremu ya plastiki ngumu. Wakubwa wa sekta wakacheka, na mwaka 1982 jeshi likaichagua. Iliitwa 17 kwa sababu ilikuwa hataza yake ya 17. Glock 19 ikafuata mwaka 1988.

Kuitambua bila kuifungua

Kabla ya kutazama, toa magazini, vuta slaidi nyuma, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kuwa chemba haina risasi, kisha rudia. Najua mnajua. Ami naye anajua, na bado aliitoa kwenye sefu ikiwa na risasi chemba mbele ya wajukuu. Tumefundishwa kuwa hata kumnyooshea ndugu yako chuma kwa mzaha ni haramu. Basi itazameni ikielekea ukuta usio na mtu nyuma yake.

Sasa tazama ubavu wa kushoto wa slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachokwenda mbele na nyuma. Kama pameandikwa "Gen4" au "Gen5", kazi imekwisha. Kama hapana kitu, ni kizazi cha tatu au cha nyuma yake, na hapo unatazama mpini. Mpini wenye mabonde ya vidole kwa mbele, pamoja na reli ndogo chini ya mtutu ya kuvalisha tochi, ni kizazi cha tatu, kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Mpini usio na mabonde wala reli, lakini wenye vijiraba vya kukwaruza mbele na nyuma, ni kizazi cha pili, cha 1988. Mpini laini wenye chembechembe tu kote ni kizazi cha kwanza; hiyo kwetu ni adimu, na ukiwa nayo umekaa na mzee.

Kizazi cha nne kilitoka 2010 na bado kina mabonde ya vidole. Kizazi cha tano kilitoka 2017 na mabonde yakaondolewa, kwa kuwa wenye vidole vinene walilalamika kwa miaka 20. Kitasa cha kuzuia slaidi kikawekwa pande zote mbili, jambo ambalo wenye mkono wa shoto walilisubiri muda mrefu.

Bastola ya ami haikuandikwa kitu kwenye slaidi, ina reli, ina mabonde. Kizazi cha tatu. Picha za mwanawe, nilipozikuza, zilikuwa na maandishi madogo: mtutu wa kizazi cha tano, springi ya kizazi cha nne.

Kinachoingia na kisichoingia

Tuanze na springi, maana ndiyo inayochoka mapema. Kwa Glock 17 na 19, springi ya slaidi ya vizazi vitatu vya kwanza ni moja, imezunguka kijiti kimoja. Kizazi cha nne kilileta springi mbili, moja ndani ya nyingine, nene zaidi. Tundu la mbele la slaidi likapanuliwa ili ipite. Kwa hiyo springi ya kizazi cha nne haipiti kabisa kwenye slaidi ya kizazi cha tatu, na ile nyembamba ya zamani ukiitia kwenye tundu pana haikai mahali pake. Hata watengenezaji wenyewe hawakupata kipimo siku ya kwanza: mwaka 2011 walitangaza kuwabadilishia wateja springi za mwanzo za kizazi cha nne. Kama kiwanda kilichobuni kitu kilihitaji kurudi mezani, fundi wa jua kali anayekwambia "hii nitaikata kidogo tu" aambiwe asante, abaki na kikatio chake.

Springi ikiwa dhaifu, slaidi hurudi nyuma kwa kishindo na hupiga fremu kuliko inavyotakiwa. Ikiwa ngumu kupita kiasi, slaidi hairudi nyuma vya kutosha, ganda la risasi hukwama mlangoni, na wewe umesimama mbele ya mwizi ukivuta kitu kilichokatalia. Ndiyo maana nasema springi si mahali pa kuokoa shilingi.

Mtutu, yaani bomba risasi inamopita, una habari nyingine. Kwa Glock 19 za risasi ya milimita 9, mitutu ya kizazi cha tatu na cha nne inaingiliana. Ile ya kizazi cha tano haiingiliani na hizo. Kiwanda kilibadilisha mikunjo ya ndani ya mtutu na pia umbo la sehemu ya chini inayofunga na kufungua. Mtutu ambao mtoto wa ami aliutamani ulikuwa mzuri kabisa, ila kwa bastola ya mtu mwingine.

Upande wa triga mambo ni magumu zaidi, na hapa sitapoteza muda mrefu kwa kuwa mwenye leseni wa kawaida hana sababu ya kugusa. Kikasha cha nyuma kinachoshika triga kilipanuliwa katika kizazi cha nne, hakikai kwenye fremu ya cha tatu. Katika kizazi cha tano upau wa triga, pini inayogonga risasi, na kile kijiti cha usalama kinachoizuia pini isiende mbele bila triga kuvutwa, vyote vilibadilishwa umbo. Hicho cha mwisho ndicho kinachofanya bastola isilie ikianguka sakafuni. Ukichanganya cha zamani na kipya unacheza na kitu ambacho ukimya wake ndio kazi yake.

Vilengeo, vile vijiti vya mbele na nyuma vya kulengea, ni habari njema: mifereji yake ni ileile kwa vizazi hivi, na ya nyuma huingizwa kwa ubavu. Vibandiko vya kunenepesha mgongo wa mpini vilianza na kizazi cha nne, na hutumika pia kwa cha tano.

Mkoba wa kiunoni ulioshonwa kwa ngozi husamehe. Ule wa plastiki uliobanwa kwa kipimo cha kizazi cha tatu unaweza kukwama na kitasa cha upande wa kulia cha kizazi cha tano. Jaribu dukani ukiwa na bastola tupu, usiagize kwa picha.

Magazini, mahali wengi wanapokosea

Magazini ni kitu kinachopotea, kinachokanyagwa, kinachoachwa kwenye gari juani Mombasa mpaka plastiki ikachoka. Kwa hiyo ndicho kinachonunuliwa mara kwa mara.

Kanuni ya ukubwa ni rahisi: ndefu huingia kwenye fupi, fupi haiingii kwenye ndefu. Magazini ya Glock 17 itaingia kwenye 19 na kuchungulia chini kama kanga iliyochomoza chini ya buibui. Ya 19 haitafika kwenye komeo la 17.

Kanuni ya kizazi ina mtego mmoja. Tangu kizazi cha nne, kitufe cha kuachia magazini kinaweza kuhamishwa upande wa pili kwa ajili ya mwenye mkono wa shoto, na magazini mpya zina pengo pande zote mbili. Magazini hizi mpya zinafanya kazi kwenye bastola za zamani. Lakini magazini za zamani zina pengo upande mmoja tu. Ukiitia kwenye Glock ya kizazi cha nne ambayo mwenyewe amekihamisha kitufe, itaingia, itaonekana imekaa, kisha itaanguka chini ya miguu yako. Nina rafiki wa mkono wa shoto aliyeligundua hilo uwanja wa mazoezi, alhamdulillahi, si mlangoni kwake usiku.

Magazini kongwe za miaka ya 1980 hazikuwa na chuma ndani pande zote, zikijaa zinavimba na hazianguki zenyewe ukibonyeza kitufe. Si mbovu, zilitengenezwa hivyo. Usizitegemee kama za akiba.

Risasi haina kizazi. Glock 17, 19 na 26, kuanzia ya kwanza hadi ya tano, hutumia milimita 9 kwa 19. Watu wa Eldoret wana haki ya kulitaja hili kwa fahari kidogo, kwani mji wao ndio wenye kiwanda cha risasi cha serikali, Kenya Ordnance Factories Corporation, kilichoundwa kisheria mwaka 1997, na risasi ya milimita 9 ni mojawapo ya zinazotengenezwa pale. Lakini cheti chako kimeandikwa kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho. Kuishi jirani na kiwanda hakukuongezei hata moja.

Ceska na Jericho

Mtu atauliza: mbona hukuzungumzia Ceska? Kwa Mkenya, Ceska imekuwa karibu jina la kila bastola, kwa kuwa ndiyo tunayoisikia kila siku kwenye habari za polisi. Asili yake ni CZ 75, iliyobuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, kiwanda cha Uherský Brod, Chekoslovakia ya wakati huo. Ni ya chuma na ina nyundo ya nje. Baadaye ikaja CZ 75 B, ambapo herufi B ni ya kizuizi kilichoongezwa kuikamata pini isigonge risasi bastola ikianguka. Kwa sababu ya kizuizi hicho, pini ya B si ya ile ya kwanza. Muulize muuzaji una ipi kabla ya kuagiza chochote cha ndani.

Jericho 941, ya Israeli, ambayo polisi wetu wameibeba pia, inafanana na Ceska kiasi kwamba mtu huapa ni pacha. Ni jamaa kweli: Waisraeli waliijenga juu ya umbo la Tanfoglio ya Italia, na Waitalia walikuwa wameijenga juu ya umbo la CZ 75. Lakini slaidi na mtutu wa moja haviingii kwenye nyingine. Wajukuu wa babu mmoja, kila mmoja na kiatu chake.

Kuingia si kuruhusiwa

Sasa tuseme mtutu ule ulikuwa wa kizazi cha tatu, unaingia sawasawa. Je, ami angeruhusiwa kuupokea kwenye boksi la viatu?

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haisemi silaha ni bastola nzima pekee. Katika maana ya neno silaha imetia mtutu na sehemu nyingine muhimu za bunduki. Maana yake mtutu peke yake, hata umefungwa kwenye karatasi ya zawadi, ni silaha. Cheti cha ami ni cha bastola moja yenye nambari yake. Mtutu wa pili ungekuwa silaha ya pili isiyo na cheti, iliyoingizwa nchini bila kibali. Springi mtu anaweza kubishana kuwa si sehemu muhimu, lakini sidhani kaunta ya forodha ni mahali pazuri pa kuanzia ubishi huo. Na mwanawe naye angekuwa taabani upande wa pili, kwani Marekani inadhibiti upelekaji wa mitutu nje ya nchi hata kama dukani inauzwa kama njugu.

Sheria hiyohiyo inasema biashara ya kuuza au kutengeneza silaha ni ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa tu. Fundi hodari wa mtaani, hata awe na mikono ya dhahabu, hana ruhusa ya kuifungua bastola yako kwa malipo. Ukimpa, mmekosa wote wawili.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Kila mtutu huacha mikwaruzo yake kwenye risasi, na pini huacha alama yake nyuma ya ganda. Wapelelezi hutumia alama hizo kuunganisha risasi na bastola. Ukibadilisha mtutu kimyakimya umebadilisha ushahidi, hata kama nia yako ilikuwa matengenezo tu. Siku bastola yako itakapohojiwa, nawe hukufanya kosa lolote, utalazimika kueleza kwa nini haisemi lugha yake ya zamani. Mtutu uliobadilishwa na muuzaji aliyesajiliwa una karatasi. Ule wa boksi la viatu una maelezo yako tu.

Tunakumbuka Westgate, Septemba 2013, jinsi raia wenye leseni walivyoingia kuokoa watu, miongoni mwao Abdul Haji, Muislamu mwenzetu, ambaye baadaye akawa seneta wa Garissa. Siku hiyo leseni zilipata heshima. Lakini tunakumbuka pia mwishoni mwa 2018, serikali ilipoamuru kila raia mwenye silaha akaguliwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha, na wasiotokea wakaonywa kuwa watahesabiwa wamiliki haramu. Amri kama hiyo ikirudi kesho, kinachowekwa mezani ni bastola yako na nambari zake. Kwenye Glock nambari huandikwa kwenye slaidi, kwenye fremu na kwenye mtutu pia. Mkaguzi akikuta nambari zinazokinzana na huna karatasi, hatakuuliza kama ulijua vizazi.

Ami tulimpeleka kwa muuzaji aliyesajiliwa, bastola tupu, cheti mkononi. Mtutu ukaonekana hauna neno, unahitaji kusafishwa tu. Springi ndiyo iliyokuwa imelegea, ikaagizwa ya kizazi cha tatu, ikaandikwa kwenye daftari na risiti ikatolewa. Akanunua na magazini moja mpya.

Usiku ule akamwandikia mwanawe: "Shukran baba. Tuletee viatu peke yake, namba 42."